Povu la kupuliza chini ya bati: kijana yuko Uingereza, joto liko Lindi

Assalaam aleykum ndugu mshauri,

Mimi ni muuguzi mstaafu, naishi Mitwero, Lindi. Nyumba yangu ya vyumba vinne niliijenga kidogokidogo, nikaiezeka mwaka 2011 kwa bati geji 30, lile jeupe lisilo na rangi. Sebuleni nimeweka jipsamu, vyumba vitatu vina silingi bodi, na kimoja hakina dari mpaka leo, nimekifanya stoo. Naishi na mama yangu mzazi, ambaye ni mtu mzima sana, pamoja na mjukuu wangu wa miaka tisa mwenye pumu.

Shida yetu ni joto. Ikiingia Oktoba nyumba haikaliki. Mchana tunahamia kibarazani, hilo tumelizoea. Usiku ndiyo kazi. Mama analala chumba cha upande wa machweo, na mpaka saa sita anajigeuza tu, feni inampulizia hari. Mwaka jana alitoka vipele vya joto mgongo mzima.

Mwanangu yuko Leeds, Uingereza. Nyumba anayopanga ilipulizwa povu darini, anasema tangu hapo hata bili ya gesi imepungua. Sasa ametafuta mtandaoni mkandarasi wa Dar es Salaam anayepuliza povu kama hilo chini ya bati. Alikuja, akapima kwa futi kamba, akasema milioni saba na laki nne, kazi ya siku moja. "Mama, utaomba blanketi," akaniambia. Anataka asilimia sabini kabla hajatoka Dar. Tena akasema povu litashika bati lising'oke na upepo, na hapo alinigusa, maana kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilitukesha macho.

Fundi aliyeniezekea anasema nisithubutu, hilo ni godoro tu, panya watazaliana humo. Mdogo wangu aliyeko Nachingwea naye kanitumia video ya Waingereza wanaolalamika kwamba nyumba zao zinakataliwa na benki kwa sababu ya povu hilohilo. Nikaipeleka kwa kijana, akanuna: "Mama, hao waliingiliwa na mafundi feki."

Nimsikilize nani? Pesa ni ya mtoto, nikikataa naogopa ataona nimedharau jasho lake. Nikikubali yakaharibika, bati ni langu. Na mvua zi karibu.

Mama Mjukuu, Mitwero

*

Waaleykum salaam Mama, na shikamoo.

Nianze na jibu: usipulize. Angalau si kwenye paa hilo, si kwa masharti hayo, na si kabla hujafanya mambo mengine yaliyo nafuu, ambayo yakikushinda unaweza kuyaondoa. Ila sababu za fundi wako sizo hasa, na za video ya Nachingwea nazo hazikuhusu moja kwa moja. Ngoja nizitenganishe, maana kijana atakuuliza.

Povu lenyewe si utapeli. Ni poliurethani, jamii ya kile kilichojazwa ndani ya kuta za friji. Kemikali mbili hutoka kwenye mapipa mawili, hukutana kwenye bunduki ya kupulizia, zikigusana zinavimba na kuganda papo hapo. Lipo laini, linalopitisha mvuke na kunywa maji, na lipo gumu, ambalo maji hayapenyi kirahisi. Inchi moja ya gumu huzuia joto karibu sawa na inchi mbili za laini. Likipulizwa sawasawa chini ya bati, mchana utaona tofauti, na mvua kubwa ikipiga mtasikilizana bila kupiga kelele. Hata yale matone ya alfajiri, bati linapopoa kuliko hewa na kutoa jasho, yatapungua sana. Katika hayo mkandarasi hakukudanganya.

Alichoacha ni kukuuliza joto linawasumbua saa ngapi.

Soma tena barua yako. Mchana mnahamia kibarazani. Kinachomtesa bibi ni usiku mpaka saa sita. Saa nane mchana bati lako linaweza kufika nyuzi 60 na zaidi, ni kweli, na joto hilo hushuka darini, dari nalo likawamwagia nyinyi. Lakini bati ni jembamba. Jua likizama halikawii kupoa, na usiku ukishika mara nyingi huwa baridi kuliko chumba kilicho chini yake. Kinachoendelea kutoa joto saa tatu, saa nne, saa tano ni ukuta wa tofali za saruji uliopigwa na jua kuanzia mchana mpaka magharibi, na chumba cha bibi ndicho chenye ukuta huo. Joto huchukua saa kadhaa kupenya tofali, kwa hiyo linamfikia wakati anapanda kitandani. Ukiliziba bati kwa povu, utakuwa umefunga mojawapo ya njia ambazo nyumba hutolea joto lake usiku. Hili wauzaji hawalisemi, na sidhani wote wanalijua.

Usiniamini mimi, pima mwenyewe. Saa nane mchana mwambie kijana wa jirani apande stuli imara aguse silingi bodi, nawe uiguse kwa kifimbo cha kipimajoto ukiwa nacho. Saa tatu usiku weka kiganja kwenye ukuta wa machweo wa chumba cha bibi, kisha nenda kwenye ukuta wa mashariki. Kiganja cha muuguzi kimegusa homa za watu kwa miaka. Tofauti ya ukuta na ukuta haitakupita. Kama ukuta wa machweo ndio wenye homa, hakuna povu la darini litakaloishusha.

Sisemi paa halina lake. Lindi iko nyuzi 10 kusini mwa Ikweta, na jua hutupitia utosini mara mbili kwa mwaka, mnamo Oktoba na tena Februari. Kati ya miezi hiyo paa ndilo linalopokea kipigo kikubwa cha adhuhuri. Ndiyo maana kazi ya paa ninayokupa hapo chini sikuikwepa, ila iko kwenye kundi la mambo, haiko peke yake.

Turudi Uingereza. Kule mapaa mengi ya nyumba ni mbao zilizofunikwa vigae, na povu hupulizwa moja kwa moja kati ya mbao. Wakati wa baridi hewa ya ndani, yenye joto na mvuke wa kupikia na kuoga, hupanda juu, hukutana na mbao za baridi, na unyevu unanaswa humo. Mbao zikioza hakuna anayeziona, kwa sababu zimefunikwa. Mkaguzi wa nyumba akija hawezi kusema paa ni zima, kwa hiyo baadhi ya wakopeshaji hukataa kutoa mkopo kwa nyumba hiyo, na wenye nyumba hulazimika kulipa maelfu ya pauni kulikwangua povu. Wengine walishawishika zaidi wakati serikali ya kule ilipokuwa na ruzuku ya kuziba nyumba zisipoteze joto kati ya 2020 na 2021. Kijana wako ana haki nusu: mafundi wabovu walichangia sana. Na kama nyumba anayoishi inatunza joto vizuri, Alhamdulillahi. Lakini pale vita ni kulizuia joto lisitoke nje, ambako kuna barafu.

Kwako hakuna barafu, na benki haijui hata kama una dari. Ubovu ule hautakujia kwa mlango uleule. Kilichovuka bahari kuja Lindi ni kimoja: povu linakufichia paa.

Na paa lako ndilo la kutolificha. Bati la mwaka 2011, geji 30, karibu na bahari, chumvi ikilamba kila siku. Vimpira vya misumari baada ya miaka yote hiyo vimekauka na kupasuka, hilo nakuambia bila kupanda. Leo bati likitoboka unaona mwanga wa jua kama nyota, unamwita fundi, anabadilisha msumari au anaweka kiraka. Likishapakwa povu, maji yanaingia kwenye tundu, yanatembea kati ya povu na bati, yanatokea chumba kingine kabisa au hayatokei popote, yanakaa pale yakilila bati kutoka upande wa ndani. Siku bati likichoka, na geji 30 pwani litachoka tu, huwezi kuling'oa ukaliacha povu wala kulibandua povu ukatumia bati kwenye banda la kuku. Vimegandana. Milioni saba na laki nne zinaondoka pamoja na takataka.

Halafu mchwa. Kwa mtu wa kusini sina haja ya kueleza. Njia zao za udongo zikipanda ukutani kuelekea kenchi, unaziona unapiga dawa. Chini ya povu hawaonekani mpaka mbao ilie. Na fundi wako kuhusu panya asidharauliwe moja kwa moja: povu si chakula chao, lakini hulitoboa na kujilaza humo.

Mjukuu ndiye sababu ambayo peke yake ingetosha. Moja ya zile kemikali mbili ni ya jamii ya isosianeti, inayojulikana kwa kusababisha pumu kwa wanaoipuliza, na kwa mtu ambaye mwili wake umeshaikataa hata kiasi kidogo huamsha shambulio. Ndiyo maana wanaofanya kazi hiyo ipasavyo huvaa suti nzima na barakoa zinazovuta hewa safi kutoka nje kwa mpira, na wenye nyumba huhama, angalau saa 24 au zaidi kadiri mtengenezaji alivyoandika. Likishaganda vizuri hatari hiyo hupungua sana. Neno ni "vizuri". Mapipa yakipigwa jua njiani, vipimo vikakosewa, au bati likiwa na vumbi, umande au limewaka moto wa adhuhuri, povu halichanganyiki sawa: linanyong'onyea, linabanduka, au linanuka kwa muda mrefu. Dawa ya povu linalonuka ni kulikwangua lote. Mkandarasi wako alisema mtahamia wapi, Mama? Kama neno hilo halikutoka kinywani mwake, umeshapata jibu kuhusu yeye, achilia mbali povu lake.

Kuna moto pia. Poliurethani huwaka, na moshi wake una kaboni monoksidi na sianidi. Nchi zenye masharti ya ujenzi hutaka lifunikwe kwa kitu kama jipsamu ya nusu inchi upande wa wanaoishi. Stoo yako haina dari. Na nyaya za umeme zilizopita kwenye kenchi, zikimezwa na povu, haziwezi kupoa kama zilivyozoea. Kama wayaringi yako ni ya fundi wa mtaani aliyeunganisha kwa kusokota na selotepu, sitaki hata kufikiria.

Kuhusu upepo, alikuchanganyia ukweli na biashara. Majaribio yaliyofanyika Florida, Marekani, yaliona povu gumu huongeza nguvu ya paa kushika wakati wa kimbunga, ila mapaa ya kule yana mbao za plaiwudi zilizotandazwa juu ya kenchi, na povu hushikanisha plaiwudi na mbao. Lako ni bati juu ya mbao chache zenye nafasi katikati. Kinacholinda bati lako siku ya upepo ni misumari mizima kwenye kila mgongo pembezoni, na kenchi zilizofungwa kwa mkanda wa chuma au waya nene hadi kwenye lenta. Hidaya haikung'oa lako. Mwambie fundi aangalie kama ni kwa kufungwa vizuri au ni kwa bahati.

Sasa la kufanya.

La kwanza halina gharama kubwa: mhamishe bibi. Mpe chumba cha mashariki, kile cha machweo kiwe stoo, na stoo ya sasa, ukishaiwekea dari, iwe chumba. Najua mtu mzima hapendi kuhamishwa, kitanda chake, kona yake ya kuswalia, dirisha analomwonea jirani. Mweleze polepole, na uhame naye vitu vyake vyote siku moja. Miezi ya joto kali ndiyo ya kaskazi, kwa hiyo dirisha lenye kufunguka upande wa bahari na kaskazini litamfaa kuliko feni mbili. Weka wavu wa mbu, liache wazi usiku kucha kama usalama unaruhusu. Kama hauruhusu, nondo za dirisha ni pesa ndogo.

Ukuta wa machweo utafutie kivuli. Kibanda cha makuti cha upana wa hatua mbili kando ya ukuta huo, au mpasheni upande juu ya fito, jua lisiufikie kabisa. Wakati makuti yanatafutwa, upake chokaa nyeupe. Wazee wa Mikindani walioishi kwenye nyumba za mawe zenye kuta nene na baraza hawakuwa na kiyoyozi; kinga yao ilikuwa unene na kivuli.

Kisha paa, kwa mpangilio huu. Fundi apande asubuhi mapema, abadilishe misumari iliyochoka, akwangue kutu, apake praima ya bati, ndipo rangi nyeupe ya mapaa. Bati jeupe lisilo na rangi watu hulidhania lina baridi kwa sababu linang'aa. Kumbe likishafifia hupokea joto kwa urahisi na kulitoa kwa shida. Rangi nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya jua kabla halijaingia. Itachafuka na vumbi, utaiosha na baada ya miaka kadhaa utairudia, lakini bati lako utaendelea kuliona. Usidanganywe na chokaa juu ya bati, mvua mbili imekwenda.

Hewa ya moto iliyonaswa kati ya bati na dari ipewe pa kutokea: matundu chini ya mapaa upande mmoja na kwenye pembe ya juu ya ukuta upande wa pili, yote yawe na wavu mgumu, la sivyo umewajengea popo. Ukibakiwa na pesa, karatasi ya aluminiamu ipigiliwe chini ya kenchi, upande unaong'aa ukitazama chini, na nafasi ya hewa kati yake na silingi bodi. Ikibandikwa ikagusana na kitu pande zote haifanyi kazi, maana kazi yake yote inategemea ile nafasi. Wafungaji wengi hulikosea hilo.

Haya yote, kwa nyumba ya vyumba vinne, sitarajii yafike pesa anayotaka mkandarasi, na mkifika nusu joto likapungua mnaweza kusimama hapo. Povu halina nusu.

Je, kuna siku ningekuambia upulize? Ndiyo. Ukiezeka upya kwa bati jipya nene, ukawa na chumba kimoja unachokifunga kwa kiyoyozi, na mjukuu akawa amekwenda bweni, nitakaa nawe tuhesabu. Chumba cha kiyoyozi kinaihitaji kinga kuliko nyumba ya madirisha wazi, kwa sababu kila joto linaloingia unalilipia luku. Hata hapo ningeanza na sufi ya kioo au ya miamba, yaani nyuzi laini kama pamba za kuzuia joto, iliyotandazwa juu ya dari, ambayo fundi anaweza kuikunja pembeni akitafuta panapovuja.

Kijana. Usimwambie "hapana", Mama, wala usimtumie video nyingine. Yuko mbali, amesikia mama na bibi hawalali, na amepata kitu kimoja anachoweza kukilipia akalala yeye. Mpigie, usimwandikie. Mwambie: "Mwanangu, bati la 2011 limezeeka, nikilifunika sitaliona likioza, na mjukuu wangu ana pumu. Pesa yako naitaka, ila naitaka kwa awamu." Kisha mtumie picha za kila kazi ikiisha: bati jeupe, kibanda cha makuti, bibi kwenye chumba kipya. Na mpe kazi ya kweli. Amwandikie mkandarasi kuuliza povu ni laini au gumu, unene gani, limetengenezwa na nani, litafunikwa kwa nini, na ni paa gani la pwani alilolipuliza ambalo limeshapita masika mawili, watu wakaliangalie. Akijibiwa vizuri, mtakuwa na mtu wa kumkumbuka siku ya kuezeka upya. Asipojibiwa, atakuwa amejionea mwenyewe bila wewe kubishana naye.

Asilimia sabini usiitoe kwa mtu yeyote, hata kwa huyo fundi wako wa bati. Mpe ya vifaa, tena mwende naye dukani, ufundi umlipe kazi ikionekana. Akitaka kupaka rangi kabla hajakwangua kutu, mteremshe.